Tundu la Waya

Uhindini, Dodoma, saa kumi na moja jioni.
Upepo wa Agosti umeshapitisha vumbi chini ya mlango
na mimi nafagia kwa mara ya tatu;
vitenge vya dirishani vimekuwa rangi moja.

Bwana Harshad amekaa juu ya marobota,
miwani kwenye paji, simu karibu na pua.
Mpwa wake wa Bhuj amemtumia dodoso:
maswali tisa kuhusu majirani wa India,
weka alama, usiandike jina.

Anayageuza kwa Kiswahili, ananisomea,
maana, anasema, swali likisomwa kwa sauti hupungua ukali.
"Nepali: unamwamini sana, kiasi, kidogo, humwamini kabisa?"
Kiasi.
"Sri Lanka?" Hajawahi kufika. Kiasi.
"Bangladeshi?" Anakuna kidevu. Kidogo.
"China?" Anatazama feni, taa, mkasi wangu, simu yenyewe,
vyote vya huko,
anacheka peke yake. "Kidogo."

Kisha anafika kwa yule wa tano
na hasomi tena kwa sauti.

Ukutani, juu ya rafu ya kanga, kuna tundu
la upana wa kidole gumba.
Walilitoboa mwaka wa mgawo wa umeme,
yeye huku na nyundo, Yakub Dosani kule na patasi,
wakibishana nani kapinda,
wakapitisha waya wa jenereta wanayoichangia mafuta.
Yakub anauza rangi na misumari.
Baba yake mdogo amezikwa Karachi.
Dada yake Harshad anaishi mwendo wa saa chache kutoka mpakani;
ndege zikipita usiku, hulala na viatu.

Wiki ile mizinga ilipolia huko
hapa hakuna aliyesema neno.
Salamu tu zilikonda.
"Kem cho" ikawa "habari", "habari" ikawa kidevu.
Mafuta waliendelea kuchanga,
hela ikipitia mkononi mwangu, imekunjwa mara nne,
kama mimi ndiye forodha.

"Ndahani," ananiita, "na ninyi je?
Mna majirani wanane. Yupi humwamini?"

Nafungua mdomo niseme wote ndugu,
ndivyo tulivyokariri darasa la tatu.
Lakini baba alirudi Kagera na goti lisilokunja.
Nchi aliyopigana nayo aliiona usiku tu,
migomba na matope,
na mpaka tunamzika Mvumi
redio ikiitaja aliizima,
hata kama ulikuwa mpira.
Mwalimu wa hesabu wa mwanangu ni Mganda.
Hajanikosea kitu. Hata karo hunisubiri.
Bado jina likitajwa ghafla
goti langu la kulia hukaza kidogo.

"Sijui, bosi."
"Kisanduku hicho nacho kipo," anasema. "Sijui."
Ila hakukigusa.

Nilikuwa nyuma yake na ufagio. Nilikiona kidole.
Humwamini kabisa.
Kilikaa hewani, kikashuka
upesi, kama cha mtu anayeua mbu
kwenye shavu la mtoto aliyelala.

Umeme ukakatika.
Ng'ambo ya ukuta jenereta ikakohoa mara mbili,
ikashika, balbu yetu ikawaka.
Yakub huchomeka waya wetu kabla ya wake.
Sijui kwa nini, sijawahi kumuuliza.

Harshad akaigeuza simu kifudifudi.
Akanipa elfu ishirini, imekunjwa mara nne.
"Mpelekee. Mwambie..."
akafikiri,
"mwambie ya mafuta."

Nikamkuta Yakub amesimama mlangoni kwake,
kioo cha simu kikimmulika chini ya kidevu.
"Mbukwenyi," akanisalimu kwa Kigogo changu,
kwa wingi, kama siku zote,
kana kwamba nimekuja na kijiji.
Akauliza bosi wangu anafanya nini.
"Anahesabu."
"Na mimi," akasema, akaitia simu mfukoni,
ikaendelea kuwaka ndani ya kitambaa.