Mkia wa Kitenzi

Nyuma ya risiti ya mkate Kalina amepiga hesabu:
saa moja ya mshauri nasaha ni zloti mia mbili,
na saa hiyo, kumbe, ina dakika hamsini.
Saa moja ya kuosha tramu ni ishirini na tano mkononi.
Basi tramu ngapi, matope kiasi gani ya Łódź,
chingamu ngapi za kubandua chini ya viti
ili mtu akae, akusikilize?
Amegawanya mara tatu. Jibu halipungui.

Hupiga simu wakati wa mapumziko, nyuma ya karakana,
kwenye kona ambayo upepo wa Februari hauifikii sana,
glavu moja mdomoni, kidole kikiganda kwenye kioo.
Wa kwanza ana nafasi: Desemba.
Wa pili anauliza kwa upole, "Bwana ana shida gani?"
naye anakata, si kwa hasira,
ila ile "Bwana" imemkaa kooni kama mwiba wa samaki
na kupiga tena kunataka kwanza kuumeza.
Mmoja alikuwa mwema kweli. Alisikiliza, akashusha
kutoka mia mbili hadi mia na sabini,
na Kalina akashukuru kama aliyepewa koti
la mtoto.

Dawa anazo. Mwili unazifuata polepole,
kama mtu asomaye barua huku akitafuta miwani.
Asichokuwa nacho ni mahali pa kusema:
leo nimelia kwa sababu ya soksi.
Leo mama amenitumia picha ya zamani, bila neno,
na sijui kama ni zawadi au ni shtaka.

Halafu kuna jambo la lugha.
Kwa Kipolandi kitenzi cha jana kina mkia,
mmoja wa kiume, mwingine wa kike.
Huwezi kusema ulichelewa, ulinunua vitunguu,
pasipo kujitaja u nani.
Kwa hiyo kazini, miaka miwili sasa,
Kalina anaishi kwenye wakati uliopo peke yake.
"Nachoka," husema, akimaanisha juzi.
"Naenda kwa mama," na alikwishaenda, alikwisharudi.
Zbyszek wa mabomba anadhani hana kumbukumbu.

Ni Halina, mtunza funguo, aliyemwambia,
bila kumtazama, akihesabu funguo zake:
"Pale juu ya duka la vifungo kuna wanagenzi,
wanasomea mambo ya nafsi. Mwalimu wao huwasimamia.
Unalipa ulichonacho."
Kisha akaongeza, "Nakuambia kwa ajili ya mgongo wako,"
ingawa mgongo haukuwa na neno.

Mwanagenzi anaitwa Tymon. Ana miaka ishirini na sita
na anaogopa kuliko yeye.
Alisahau kuuliza jina, akakumbuka, akaliandika
jinsi alivyotamkiwa, kisha akageuza daftari
ili Kalina aone kama limekaa sawa.
Lilikaa sawa.
Bei walikubaliana hamsini, zloti kwa dakika,
na robo saa ya kwanza alinyamaza,
akaikokotoa nayo: kumi na tano za kimya,
nusu saa na ushei ya kusugua madirisha.
Radieta iligonga. Tymon hakuharakisha kitu.

Ndipo akasema, "Nilichoka,"
na mkia ulikuwa wake.

Wewe unayesoma hapa huwezi kuusikia.
Kwa lugha yetu nilichoka ni nilichoka,
ya kaka, ya dada, hakuna anayekuuliza;
sikuwahi kujua kwamba hilo ni utajiri.
Itakubidi uniamini: ilikuwa silabi moja, nyembamba,
na iliufikia mlango kabla yake.

Akaijaribu tena, kama anayekanyaga barafu
kwa unyayo mmoja kwanza.
Nilichelewa.
Nilinunua vitunguu.
Nilikwenda kwa mama, nikarudi.