Mvua ya Mawe Haiulizi Una Simu Gani

Kwanza tulichora kwa penseli
juu ya karatasi ya kufungia mkate,
katika chumba kilicho juu ya duka la matairi, Telavi:
mstatili wa simu, duara la kitufe,
na ndani ya duara neno moja: FUNIKA.

Bi Eteri alikuwa ametuambia,
bila kuketi, bila kuvua glavu:
“Sitaki picha za mawingu. Mawingu nayaona.
Niambieni tu nina dakika ngapi
za kuvuta nyavu juu ya mizabibu.”
Tukaandika *dakika ngapi*,
tukapigia mstari mara mbili.
Huo ndio uliokuwa mpango.
Mengine yote yalikuwa ubishi.

Malkhaz alitaka tujenge mara mbili:
nyumba ya simu za tufaha,
nyumba ya simu za roboti la kijani,
kila moja na fundi wake, na tofali lake.
Nestan akahesabu pesa za ruzuku,
akahesabu wiki zilizobaki kabla ya mizabibu kuchanua,
kisha akatuhesabu sisi:
watatu, na mmoja ananyonyesha.
Njia mbili zilimshinda fisi,
na fisi ana miguu minne.

Basi msimbo mmoja, wa kuvaliwa na miili miwili.
“Mtumba,” alisema Malkhaz. “Utabana hapa, utapwaya pale.”
Na ulibana.
Kwenye tufaha, kichwa cha habari kilijichomeka chini ya kamera.
Kwenye roboti, ukibonyeza kurudi,
programu iliondoka bila kuaga, kama mtu aliyetukanwa.
Na herufi zetu, zilizojikunja kama vikonyo vya mzabibu,
zilikatwa mikia kwenye skrini zote.
Wiki nzima nililea mikia:
nukta mbili chini, nukta nne juu,
kama kumlaza mtoto. Ukichomoa mkono tu,
analia upya.

Mezani palikuwa na simu kumi na moja za majaribio.
Saba za kuazima.
Moja ya marehemu baba yake Nestan,
ambayo bado ililia kila siku saa kumi na moja alfajiri
kumwamsha akanyunyize dawa shambani.
Hakuna aliyethubutu kuizima.

Tarehe tisa Juni, alasiri,
mbingu juu ya Alazani ikavilia
kama goti lililogongwa juzi.
Seva ikatuma: *dakika nane*.
Simu kumi zikaruka mezani kwa pamoja.
Malkhaz alicheka, akanyoosha mkono kunipongeza,
nami nikauacha mkono wake hewani,
maana nilikuwa nazihesabu.

Ya marehemu ilikuwa kimya.

Simu ya bei rahisi. Huzilaza programu zote
ili betri idumu hadi jioni.
Simu ya aina ileile anayotumia Bi Eteri.
Ililia dakika sita baadaye,
na Nestan hakuisubiri wala hakugusa kibodi.
Alikuwa ameshampigia, amesimama dirishani,
akipaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya bonde:
“Shangazi, funika!”

“Nafunika,” ikajibu sauti, ikihema.
“Jirani ana simu ya tufaha. Amenipigia kelele kutoka uani kwake.
Koo lake halichagui simu.”
Kisha mawe yakaanza kulijibu paa letu
na hatukusikia tena.

Usiku ule Malkhaz aliketi peke yake
akaandika kipande cha roboti tu,
cha kugonga mlango wa simu zinazolala.
Hakusema *niliwaambia*.
Nestan aliitafuta karatasi ya mkate,
akachora kitufe cha pili kando ya kile cha kwanza:
MWITE JIRANI.

Asubuhi Bi Eteri alipanda ngazi na matope yake.
Safu mbili za chini zilikuwa zimekwenda.
Hakulaumu. Aliweka jani moja juu ya kibodi yangu
akashuka.

Nililisoma kama ripoti ya hitilafu:
matundu kumi na saba,
kila tundu na mahali pake.