Baiti Thelathini na Mbili

Mchana napima viwanja huko Nala,
nachomeka bikoni kwenye udongo mwekundu
na watu wananiuliza: hati lini?
Usiku, chumbani Nkuhungu,
mwombaji ni mimi.

Programu yenyewe ndogo,
daftari la mizani ya zabibu
la wakulima wa Mpunguzi.
Kreti moja, mstari mmoja: jina, kilo, tarehe, utamu.
Machi kreti zikafika elfu tisini
na feni ya kompyuta ikalia kama mashine ya kusaga.
Sekunde kumi na moja kufunga hesabu.
Sechelela, karani wa ushirika, alisema ni upesi mno,
kwa kalamu zilikuwa siku mbili.
Lakini mimi nilishasikia kigugumizi,
na ukishakisikia
maneno huyasikii tena.

Nikapima.
Kati ya zile kumi na moja, sekunde nane
hazikujumlisha hata punje ya zabibu.
Zilikuwa foleni, zimesimama dirishani:
naomba nafasi ya kreti,
subiri, haya, kaa pale,
ahsante, nimemaliza, nairudisha,
naomba nafasi ya kreti...
Mara elfu tisini.
Na kila kipande kinachorudi kina upana wake,
hata kumbukumbu yote ikawa kama mtaa
uliojengwa kabla ya kupimwa:
vichochoro, pembe, mabaki
yasiyotosha hata choo.

Basi nikafanya jambo
ambalo ofisini lingenipotezea kazi.
Nikaomba shamba zima,
mara moja, sahihi moja,
nikagawa mwenyewe.
Kielekezi kinapiga hatua, kreti inakaa,
kinapiga hatua, nyingine inakaa,
ubavu kwa ubavu, bila uzio, bila kesi ya mpaka.
Kazi ikiisha hakuna anayerudisha kiwanja chake.
Nafuta mpaka wa nje tu,
lote linakuwa pori tena.

Sekunde moja na nusu.
Saa nane usiku.
Feni ikanyamaza,
nikasikia upepo ukisugua bati
na mbwa wa jirani akijikuna.
Nilitaka kumwamsha mtu.
Ningemwambia nini?

Kimebaki kitu kimoja.
Kila nikikagua uvujaji naambiwa
baiti thelathini na mbili hazijarudishwa.
Najua ziliko.
Ni Chilongola Ndahani, mkulima namba nne,
kilo kumi na nane, Agosti ile.
Kreti yake ya mwisho niliibeba mimi
hadi kwenye mizani, akanicheka
jinsi mtu wa ofisi anavyobeba kwa tumbo.
Nilimtoa shambani kabla ya kufuta,
nikampa pake, nje ya mpaka.

Dawa yake ni mstari mmoja.
Onyo linatokea, la njano, chini ya skrini.
Nalisoma jina kwa jina,
nafunika kompyuta,
asubuhi nina viwanja arobaini Nala.