Ukumbi wa Tatu

Daktari Szulc alilitazama goti langu
kama fundi atazamavyo bawaba ya mlango ulioshuka,
akasema: Bi Bogumiła, ama ulitumie, ama likuage.
Sasa nimekaa mezani, Jagna, na karatasi mbili.
Moja ni fomu ya jimu. Ya pili ni orodha yako
uliyonitumia kutoka Szczecin:
chuchumaa kumi, pumzika, chuchumaa kumi,
pamoja na mkeka wa zambarau
ambao paka keshajimilikisha.

Nyumbani kuna raha yake. Hakuna wa kuniona
nikihema ndani ya soksi za marehemu baba yako.
Vyuma vyangu ni mitungi ya kabichi chachu,
kilo moja na nusu kila mkono,
na ukiteleza mmoja nyumba inanuka wiki nzima.
Kuna kiti cha kushikilia. Kuna redio. Kuna birika,
na birika liko karibu mno:
nikifika kumi na mbili linaniita kwa jina.
Halafu chini yangu, ghorofa ya tatu,
yuko Bwana Wieńczysław na mpini wa ufagio.
Du, natua mimi. Ko, anagonga dari.
Ndivyo tunavyozungumza tangu Novemba.

Jumatatu nikaenda kuitazama hiyo jimu.
Siku ya kwanza ni bure, alisema msichana wa mapokezi,
kucha za kijani, kibandiko kifuani: Otylia.
Ulijua iko wapi, mwanangu, ukanyamaza.
Ni kiwandani. Kiwanda chetu cha nguo,
matofali yaleyale, yamesuguliwa yakawa mekundu kama ufizi,
na huko juu, ukumbi wa tatu,
niliposimama miaka kumi na tisa
nikichunga mitambo minane isikate uzi.

Leo pana mashine za kukimbilia zilizoelekezwa dirishani,
na watu wanakimbia, hawafiki.
Sikuwacheka. Halina Mroczek aliwahi kupima kwa kamba:
kilomita kumi na saba kila zamu,
kutoka mtambo hadi mtambo, na sisi pia hatukufika.
Ila tulilipwa. Kiduchu, lakini tulilipwa.
Hapa nilipewa ujira ili nichoke;
sasa nitoe zloti mia na thelathini na tisa kwa mwezi
nichoke palepale.

Nilipanda, hata hivyo. Kasi ya tatu.
Sikio la kushoto, lile lililouawa na kelele,
likaanza kuvuma kama zamani.
Nilipoteremka nikaiendea nguzo ya nne.
Chini ya rangi nyeupe bado ipo michirizo
aliyoikwaruza Stefa kwa ncha ya mkasi
akihesabu wiki za mimba yake.
Nikaipapasa. Thelathini na sita.
Kijana mmoja, mabega matupu, akauliza:
Bibi, umepoteza kitu?
Nikamwambia, naegemea tu.

Usiku huo nililala bila kuchuchumaa.
Jumanne vilevile, miguu ilikuwa ya mpira.
Jumatano kukagongwa,
si dari. Mlango.
Bwana Wieńczysław, ufagio mkononi
kama mtu aliyesahau kuuacha nyumbani.
"Unaumwa? Ijumaa ulifika thelathini na moja."
Anahesabu, Jagna!
Miezi yote hii nilidhani analalamika.
Sasa ule mpini, nikamuuliza, ulikuwa wa nini?
"Unaharakisha," akasema, akitazama viatu vyake.
"Nilikuwa nakupigia mwendo."

Fomu ingali mezani, nimeikalisha mtungi wa kabichi juu yake.
Nimeandika jina, nimeandika anwani.
Pale panapouliza lengo langu ni lipi, nimepaacha.
Huenda nikalipa mwezi mmoja, kwa ajili ya ile nguzo.
Huenda nisilipe. Usinisukume.

Ni saa moja kasorobo. Paka nimemwondoa mkekani.
Huko chini ni kimya,
kimya cha mtu aliyekwisha kuinua mpini
na anangoja.