Alama Ubavuni mwa Pantoni

Lubango ndiye aliyeanza.
Funguo za bajaji zilimponyoka katikati ya ghuba,
akatoa msumari mfukoni,
akakwaruza msalaba kwenye reli ya pantoni:
"Zimeangukia hapa. Tukifika Busisi nazamia."
Tulicheka chombo kizima; hata ng'ombe mmoja akakohoa.

Geng hakucheka.
Mpima kina wa daraja, mteja wangu wa sato
(huanzia kichwani, macho kwanza),
alitandaza gazeti lenye mafuta,
akachora kwa mkaa alama nne,
akazisoma kwa Kiswahili chake cha kambini:
chonga, mtumbwi, tafuta, upanga.

Mtu wa dola ya Chu alikuwa akivuka mto.
Upanga ukamtumbukia. Akachonga ubavu wa mtumbwi,
na walipofika ng'ambo akashuka penye alama,
akapapasa tope.
Ina zaidi ya miaka elfu mbili, alisema;
waliiandika wasomi wa waziri mmoja,
nao hawakuwalenga wavuvi.
Waliwalenga wafalme
wanaotawala leo kwa sheria za marehemu.

"Kwetu tunasema maji yakimwagika hayazoleki."
Akatikisa kichwa. "Hayo ya kujuta, mama.
Haya ya kupima vibaya."
"Basi upanga ulichukuliwa na mto?"
"Haukusogea. Mtumbwi ndio uliokwenda."

Sasa Geng kaondoka, daraja limebaki.
Magari yanapita juu dakika nne,
hayapati muda wa kusikia njaa.
Nami nipo Kigongo, jiwe lile lile,
beseni, pilipili, ndimu nilizokwisha kata,
mbele ya geti la mnyororo
ilipokuwa ikianzia foleni.
Mwanangu Ng'wasi ananigombeza: hamia barabarani!

Najua. Maneno manne ninayo.
Lakini hakuna aliyeniuliza nilichodondosha:
saa mbili asubuhi, honi,
watu mia nne wakiumwa na njaa kwa pamoja,
na mmoja, sijui nani, akiniita kwa jina la utotoni.
Hakikusogea. Kipo chini kule,
mita alizohesabu Geng,
jirani na funguo za Lubango.

Kesho nitabeba beseni. Labda keshokutwa.
Jiwe nimelikwaruza kidogo
kwa kisu cha magamba,
nijue tu nilikuwa nakaa wapi.