Kesi ya Saa Tatu

Nyumba ni yetu, ardhi si yetu.
Ndivyo Majengo ilivyo: kuta umejenga wewe,
mchanga ulio chini yake una mwenyewe,
na mwenyewe, mwaka huu, ameutaka.

Saa kumi alfajiri niko macho na kopo la biskuti,
nahesabu risiti za baba tangu sabini na moja.
Mume wangu ageuka kitandani: "Hebu tulia."
Simjibu.
Utulivu naujua, nimeuona kwa watu, unawapendeza,
lakini siku kama hii siutaki.
Nautaka wasiwasi wangu, ule wa tumboni,
unaoniamsha kama mtoto mwenye kiu.
Ndio ulioniambia: rudia Machi.
Nikarudia. Machi ya themanini na nane
ilikuwa imegandana na Aprili, kwa jamu au kwa joto,
miaka yote hiyo, kama mapacha.

Shekue hupika hasira.
Sisemi hukasirika; kukasirika ni ajali.
Yeye huiinjikia jikoni.
Namsikia bafuni akijisomea barua ya wakili wao,
lile neno "wavamizi", mara ya tano, ya sita,
alipuliza kama kaa
hata atoke mishipa ya shingo imesimama.
Bila hiyo, akifika mbele ya wakubwa,
atasema "naam, mheshimiwa" mpaka nyumba iende.
Mtaa mzima wamwita Pilipili.
Dada zake tu ndio tujuao
ni mpole kiasi gani aliyelazimika kujifunza moto.

Rukiya naye huchelewa kwa kucheka.
Apita kwa mama wa mbaazi, kwa kijana wa mkokoteni wa maji,
akikusanya vicheko kama mtu anayekopa sukari.
Zamani nilimchukia kwa hilo. Nikidhani hajali.
Mpaka usiku wa matanga ya mama
nilipomkuta jikoni, taa imezimwa,
uso wake kama chumba kilichohamwa.
Kumbe furaha yake hailali kwake.
Kila asubuhi huifuata upya kwa majirani.

Watu husema hisia humnyeshea mtu.
Labda huko kwenye mvua.
Mtaani kwetu maji hununuliwa kwa mtungi,
na kila mmoja ajua anunue yapi,
ya kunywa au ya kuoshea.

Saa tatu. Benchi. Feni yazunguka, upepo hauna.
Karani akatoka, hata hakutuangalia:
imeahirishwa, kumi na tisa, mwezi wa tisa.

Basi tukasimama barazani, kila mtu na alichobeba,
na hakuna wa kumtulia.

Shekue akamfokea askari wa maegesho,
kisha akamwomba radhi,
kisha akamnunulia soda.
Rukiya akanyamaza hadi Mwembe Tayari.
Mimi nikatafuta cha kuhofia, nikakosa,
kwa dakika nzima,
na dakika hiyo ilinitisha kuliko kesi.

Tulikula viazi karai tumesimama, ukwaju ukitutiririka vidoleni.
"Kopo liko wapi?" Rukiya akauliza.
Tumbo likashtuka. Mkono ukazama kikapuni.
Lilikuwepo.
Nikamshukuru kwa macho,
wala sikumwambia kwa lipi.