Chumvi ya Kuwazoesha

Mwezi wa tano nilitumwa Lyantonde kwa pikipiki,
nikarudi na mabonge manne ya chumvi ya Katwe
ndani ya gunia la mbolea,
na madebe mawili ya mtama mwekundu ambao, alisema Karuhize,
si wa uji wangu.

"Bonge moja weka kwenye kichuguu cha mashariki,
moja pale lambo linapoanza kukauka,
mengine utaona mwenyewe. Wewe unawajua."
Nawajua.
Nimekua nikiwafukuza wasimalize majani ya ng'ombe;
mama yangu aliwarushia vijinga vya moto.
Sasa nalipwa kuwakaribisha.

Wiki ya kwanza hakuja mtu.
Sijui kwa nini nasema mtu.
Umande ulilamba chumvi peke yake,
nami nikafungua seng'enge, nyuzi mbili za chini,
kama nilivyoagizwa:
mlango usiofanana na mlango.
Majani ya bondeni tukayaacha yakue.
Ng'ombe wakisogea, fimbo.
Bihogo, yule mzee mwekundu wa pembe ndefu,
alinitazama kama mtu aliyenyimwa chakula kwao.

Wiki ya pili, kanga.
Walikuja kwa kelele, harusi iliyokosea nyumba,
shingo za buluu, vitone vyeupe mgongoni,
wakala mtama, wakakwangua hata mahali ulipokuwa.
Kisha pongo, peke yake, magharibi,
mguu mmoja hewani muda wote.
Kisha swala pala,
na mmoja wao pembe ya kushoto imekatika nusu
kama mpini wa jembe uliochoka.

Nilipewa daftari:
saa, idadi, madume, urefu wa pembe kwa kukisia.
Sikuandika kwamba ulimi kwenye chumvi
hulia kama mtoto anayemalizia ukoko wa sufuria.
Sikuandika kwamba lile bonge limechongeka,
limefanya shimo laini,
na nilipotia kiganja humo, kilienea.

Karuhize hulipa Jumamosi.
Hashuki garini; noti hupitia dirishani.
Mimi hufika mapema,
nikasimama palepale, kando ya jiwe lilelile.
Juzi aliuliza, "Wameshazoea?"
"Wameshazoea, mzee."
"Hawakimbii wakisikia gari?"
"Hawakimbii."
Akacheka, akaniongezea elfu tano.

Kemirembe, binti yangu, yuko darasa la sita,
na ada yake imo humo chumvini.
Nyama tutagawiwa, wamesema, kijiji kizima,
na mabati ya zahanati yatakuja.
Simlaumu mtu.
Wageni watashuka Entebbe na masanduku yao marefu,
watalala kwenye mahema yenye vitanda,
na mmoja wao, nasikia, ni daktari wa meno.

Leo, siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa,
nimetumwa kuhesabu nyayo lamboni.
Matope yalikuwa mazuri, yakisomeka kama barua.
Swala kumi na wawili.
Yule wa pembe nusu huburuta kidogo kwato ya nyuma;
nilimtambua kabla sijainama.
Nikavunja tawi la mgunga, nikafagia.
Si nyayo zote. Zake tu,
kutoka majini mpaka kwenye seng'enge,
miiba ikinichoma kiganjani.

"Wangapi?"
"Kumi na mmoja, mzee."
Akaandika. Kalamu yake haikusita.

Jua lilipozama nilikwenda kichuguuni na kijinga cha moto.
Alikuwepo, kichwa ndani ya lile shimo laini.
Nikamrushia, kama mama,
kwa mkono wote, na tusi juu yake.
Cheche zikamwagika majanini.
Akaruka hatua tatu.
Akasimama. Akageuka, akanitazama
mpaka moto ukafifia,
kisha akarudi chumvini.